Kaya ya Watu Sita

Waliokulia upande wetu wa Meatu miaka ya sabini hawawezi kuisahau harufu ya zahanati: mafuta ya taa na spiriti vimechanganyika, na juu yake mvuke wa ile sufuria bapa iliyokaa kwenye stovu tangu asubuhi, ndani yake sindano za kioo zikigongana taratibu kadiri maji yanavyozidi kuchemka, nasi watoto tumepangwa kwenye benchi nje, miguu haifiki chini, tukisikiliza ule mgongano na kuhesabu nani anafuata. Bwana mganga akitoka na koti lake jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya mtindi, benchi zima lilinyamaza. Aliyeandikiwa dawa ya maji alitakiwa awe na chupa yake mwenyewe. Ukiisahau unarudi nyumbani kuifuata, na kurudi nyumbani Bukundi maana yake ni jua la saa sita na miba ya migunga njia nzima. Klorokwini ilifungwa kwenye kipande cha gazeti la Uhuru, na usiku wake mwili wote uliwasha, ukajikuna mpaka jogoo akawika.

Hela haikutajwa. Leo neno la kwanza dirishani ni kadi.

Tulidhani ndivyo dunia ilivyo. Wakati huo Meatu yenyewe haikuwepo. Tulikuwa wilaya ya Maswa, mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto, mkoa ulikuja 2012. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuambia kwamba matibabu ni jambo la umma, na mwaka 1977 serikali ikaenda mbele zaidi, ikapiga marufuku hospitali binafsi zinazotibu kwa faida. Huku kwetu katazo hilo halikumgusa mtu, maana hapakuwa na daktari binafsi wa kumkataza. Lililotugusa ni Mtu ni Afya, ile kampeni ya 1973: redio ikawekwa juu ya stuli chini ya mkwaju, wazee kwa vijana wakakaa kuisikiliza RTD, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti ya shuleni, na kesho yake kila mji ukaanza kuchimba choo. Baba alichimba chake huku akilalamika kwamba mbuga yote hii Mungu aliiumba kwa ajili gani. Choo kile kilidumu kuliko redio.

Ila bure ile ilikuwa na mipaka yake. Baada ya vita vya Kagera, mafuta hakuna, sabuni hakuna, dawa ndiyo kabisa. Sindano ile ile ilichemshwa mpaka ikawa butu, na bwana mganga akajifunza kumpa kila mtu aspirini na maneno ya upole. Kuanzia 1983, 1984 hivi, yakaja yale maboksi ya mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na UNICEF na Denmark, boksi limefungwa tayari huko juu, kila zahanati na fungu lake la mwezi. Boksi likishushwa kwenye Landrover, habari zilienea kuliko za mnada. Siku hiyo waliumwa hata wazima: akina mama walitaja homa ya mtoto ambaye muda ule ule alikuwa anakimbiza mbuzi, wazee wakashika viuno, na kila mmoja alirudi na kipande chake cha gazeti akakichomeka kwenye nyasi za paa kwa ajili ya homa ijayo. Wiki ya tatu boksi lilikuwa tupu, mganga amelikalia kama kiti. Aliyeugua kwelikweli tarehe 25 alikuta pole.

Bima yetu halisi ilikuwa na pembe. Mtu akizidiwa, akalazwa kwenye mkokoteni au kitanda cha kamba kilichobebwa mabegani, safari ilikuwa ya Maswa au Shinyanga, na wenye moyo walivuka upande wa pili hadi Haydom, hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway miaka ya hamsini, ambayo sifa zake za upasuaji zilitufikia kabla ya barabara. Usiku wa kuamkia safari, wanaume walikaa zizini, moto wa mavi makavu ya ng'ombe unafuka, na mjadala ulikuwa mmoja: atoke ng'ombe gani, na wa nani. Aina ya ugonjwa haikuulizwa sana. Iliulizwa kama ni dume au mtamba, kama ni zamu ya mjomba au ya baba mkubwa, na nani alitoa mara ya mwisho; deni lenyewe halikuandikwa popote na halikusahauliwa na yeyote, na mtoto aliyetibiwa kwa dume la mjomba alijua mpaka anaoa kwamba hawezi kumkatalia mjomba kitu.

Hapo ndipo wengi wa rika langu huanza kusikitika na kusema zamani tulikuwa tunasaidiana. Mimi huwauliza: nani na nani? Shangazi yangu alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, mahari imekwisha kurudishwa, akaota uvimbe shingoni. Ng'ombe waliokuwa zizini kila mmoja alikuwa na jina la mtu mwingine. Misimu ilipita, pamba ikauzwa, harusi zikafanyika, na kikao cha shingo ya shangazi hakikuitwa. Alikuja kupasuliwa pale mwanawe alipopata kazi Mwanza akamfuata mwenyewe. Zizi lilikuwa na huruma, lakini huruma yake ilifuata kamba ya ng'ombe.

Soko liliingia kidogo kidogo, kama wageni wanaokuja mmoja mmoja mpaka unashangaa nyumba imejaa. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, ukaanzia hospitali kubwa na kushuka polepole hadi kwetu. Dawa zikarudi, ila dukani: likafunguliwa duka la dawa baridi kando ya kituo cha mabasi, rafu zake za mbao zimepangwa Hedex, Aspro na chupa za dawa ya kikohozi rangi ya kahawia, na mganga akawa anakuandikia kikaratasi unakatiza barabara kwenda kununua. Maduka yale baadaye yakageuzwa kuwa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma 2003, wauzaji wakapelekwa mafunzo na ubao wa nje ukapakwa rangi upya. Nilifurahi kuona dawa. Ilinichukua muda kuzoea kuona mtu amesimama nje ya duka na kikaratasi, akihesabu sarafu kiganjani, kisha anaomba auziwe nusu ya dozi.

Hao waliosimama na nusu dozi ndio waliofanya wakubwa waanze kufikiria bima kwa watu wa vijijini. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wote tunauita CHF, ulijaribiwa Igunga, mkoa wa Tabora, si mbali sana na sisi. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, itibiwe mwaka mzima, na kila shilingi ya mwananchi serikali iongeze nyingine juu yake, tele kwa tele. Sheria yake ikapitishwa 2001 na mpango ukasambazwa halmashauri moja baada ya nyingine.

Mwaka huo huo mimi, nikiwa mwalimu, nilianza kukatwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa umeundwa kwa sheria ya 1999, na Julai 2001 asilimia tatu ya mshahara wetu ikaanza kwenda huko, mwajiri akiongeza tatu zake. Hatukuulizwa. Chumba cha walimu kilinung'unika mwezi mzima, hadi mke wa mmoja wetu alipopasuliwa hospitali ya Bugando na mumewe akarudi na pesa zake zote mfukoni. Manung'uniko yaliisha siku hiyo.

Kwa mkulima mambo hayakwenda hivyo. Kadi ya CHF ya mwanzo ilikuwa karatasi ngumu yenye picha ya pasipoti iliyobandikwa kwa gundi, na ilitambuliwa kwenye kituo ulichojiandikisha tu. Ukiugulia kwa wakwe, vijiji viwili mbele, ilikuwa karatasi. Aliyelipa alikuta rafu tupu kama asiyelipa, wote wakapewa kikaratasi cha dukani. Msimu uliofuata hakuirudia. Na kulikuwa na lile jingine, ambalo maofisa waliokuja na vipaza sauti hawakuwahi kulijibu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisimama mkutanoni akasema, "Ukilipia homa kabla haijaja, umeiwekea kiti." Watu walicheka. Waliolipa siku ile walikuwa wachache.

Nilimcheka na mimi, kimoyomoyo, mwalimu mwenye kadi. Lakini ukiangalia vizuri, mzee alikuwa anazungumza lugha ya zizi. Ng'ombe hamuuzi kabla ya ugonjwa. Ng'ombe anakaa, anazaa, anakamuliwa, analima, na siku ya shida anatoka. Shida isipokuja, bado unaye. Pesa ya kadi ikitoka imetoka, uugue usiugue, na mwaka ukiisha salama unaambiwa ulipe tena kana kwamba afya yako ndiyo kosa. Kumwomba mtu aliyelelewa na hesabu ya mtamba aamini hesabu hii ni kumwomba mengi, na sikuwahi kuona ofisa aliyeanzia hapo.

Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa. Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima, kuanzia zahanati ya kijiji mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni ile ya Nyaumata, Bariadi, alimradi upande ngazi kwa ngazi na barua ya rufaa mkononi. Gundi hakuna tena. Mwandikishaji alikuja na simu.

Siku alipofika kwenye mji wa kaka yangu nilikuwepo, nimekuja likizo. Alikuwa kijana wa jirani, tuliyezoea kumwona akiuza vocha, kioo cha simu kimepasuka kama ramani ya mito. Kaka akamkaribisha kiti, akaita watu wake wote watoke, wakatoka: mama yetu, wake zake wawili, watoto wanane, na mpwa wetu aliyekuwa analelewa pale. Na yeye mwenyewe. Kumi na watatu.

"Watu sita, baba," kijana akasema kwa heshima.

"Nani kasema sita?"

"Mfumo."

"Huo mfumo una watoto wangapi?"

Hakuna aliyejibu. Sensa ya 2012 ilikuwa imeikuta Simiyu na wastani wa karibu watu saba kwa kaya, taifa zima likiwa chini ya watano, na wastani huo umechanganya waseja wa Bariadi mjini na miji kama wa kaka. Sijui meza gani ilikaa ikaamua sita. Najua haikuwa imewekwa chini ya mkwaju wetu.

Kijana akajaribu kusaidia. Walio chini ya miaka mitano wanatibiwa bure, akasema, na mama naye ni mzee zaidi ya sitini, ana msamaha. Hao waachwe, nafasi ziende kwa wengine. Hesabu nzuri. Kaka alimtazama. "Nimtoe mama kwenye orodha?" Alijua, kama sisi wote, kwamba msamaha unakufikisha kwa daktari lakini mara nyingi unaishia kwenye dirisha la dawa. Mama akaandikwa wa kwanza. Wakafuata wake wawili, kisha watoto watatu waliokuwa shuleni, wanaotembea mbali na kunyeshewa. Zikawa sita. Kijana akaeleza kwamba mkuu wa kaya lazima awemo. "Basi mkuu wa kaya mwandike mama," kaka akasema, "mimi siumwi." Wakapigwa picha mmoja mmoja, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Mama alikataa kuitazama simu. Kwenye picha yake anamwangalia mbuzi aliyekuwa anatafuna kanga kwenye kamba.

Watoto waliobaki walisimama pembeni wakitazama wenzao wanapigwa picha. Binti wa miaka kumi na moja aliuliza kama picha zimeisha.

Hili ndilo linalonikera mpaka leo, na silisemi ili kuibeza kadi. Zamani mganga alikuwa na dawa au hana, na asipokuwa nayo alitunyima sote. Zizini kuna waliosahauliwa, lakini hakuna mwanamume aliyesimama mchana kweupe mbele ya watoto wake akataja majina ya watakaotibiwa na kunyamazia mengine. Kadi imemtaka kaka afanye hivyo kwa sauti. Mvua zilipoanza, malaria ikamshika mmoja wa wasiokuwemo. Kumpeleka kwa jina la nduguye haikuwezekana, picha ipo kwenye mfumo. Kaka akauza mbuzi.

Lakini waliokuwemo walitibiwa. Si kwa aspirini na maneno ya upole: walipimwa kwa kile kipimo cha dakika chache, wakapewa dawa mseto dozi nzima, na mama mwaka ule alipandishwa ngazi mpaka Nyaumata kwa ajili ya presha bila ng'ombe kutoka zizini. Rafu za zahanati zilikuwa na vitu. Sababu yake haina siri. Fedha za kadi zinarudi kituoni, na Bohari ya Dawa ikikosa kitu, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, mfanyabiashara aliyeteuliwa na mkoa, mpango ulioanzia Dodoma 2014. Mgonjwa mwenye kadi amekuwa mapato. Mganga mfawidhi anamjua kwa jina, anamuulizia asipoonekana, na kadi ikikaribia kuisha anamkumbusha. Bwana mganga wetu wa miaka ya sabini alikuwa mtu mwema kuliko wengi, ila hakuwa na sababu yoyote ya kutaka turudi kesho.

Tatizo ni tarehe. Bukundi fedha ina msimu. Pamba inapandwa Novemba na Desemba, msimu wa ununuzi unafunguliwa Mei, na kati ya hapo mji unaishi kwa michembe, kuku na madeni. Kadi iliyokatwa Februari huisha Februari, wakati hakuna mwenye hela isipokuwa muuza duka. Na Mei yenyewe haitabiriki: mwaka 2022 bei elekezi ya pamba ilikuwa 1,560 kwa kilo, mwaka uliofuata ikafunguliwa 1,060. Mfuko wa Taifa ulijaribu kuzikutanisha pamba na bima kupitia vyama vya msingi, ukaleta Ushirika Afya, shilingi 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto, kwa mwaka. Nilimpigia kaka hesabu ya mji mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekunywa maji.

Wanaotetea njia ya soko husema mtu huthamini alicholipia na huchagua kinachomfaa. Kwa mshahara wangu mimi, ni kweli. Mkulima wa pamba, hata hivyo, hajawahi kwenda sokoni akataja bei. Pamba anatajiwa. Mbegu na dawa ya kuulia wadudu anatajiwa. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuja 2022, serikali ilitaja 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, pamoja na pendekezo la kumbana mtu kupitia leseni ya udereva na huduma nyingine za serikali mpaka awe na bima. Kelele zilikuwa kubwa, muswada ukarudishwa kufinyangwa, na Novemba 2023 Bunge likaupitisha ukiwa umepunguzwa makali, na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo ukiwa umewekwa ndani ya sheria. Bei iliyotangazwa sasa ni 150,000 kwa kaya. Watu sita, wale wale.

Kwa bei ya pamba ya 2023 hizo ni kilo zaidi ya 140. Kwa shamba la mbugani mvua ikiwa ya wastani, ni karibu nusu ekari imekwenda, kabla hujalipa kibarua.

Na soko lina tabia zake hata kwa wenye mishahara. Kadi ya watoto, Toto Afya, ilisimamishwa Machi 2023, Mfuko ukisema wazazi wengi walikuwa wanawaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka siku ya kufungua boksi. Baadaye ilirudishwa kwa utaratibu mpya. Machi 2024 Mfuko ulipoleta orodha mpya ya bei, hospitali binafsi nyingi ziligoma kupokea kadi, na hospitali niliyoizoea Mwanza iliweka tangazo getini. Nilisimama pale na kadi niliyoikatia mshahara zaidi ya miaka ishirini, mlinzi ananionea huruma. Muuzaji mwenye haki ya kukukaribisha ana haki ya kufunga mlango pia. Mgogoro uliisha, geti likafunguliwa. Nimeendelea kwenda, kwa sababu wanapima vizuri.

Vikao vya zizi havipo tena. Ng'ombe wamepungua, malisho yamekuwa mashamba, na vijana wa ukoo wako Geita, Mwanza, Kahama. Shemeji mkubwa alipolazwa mwaka juzi hakuna moto uliowashwa usiku. Kadi ilibeba kitanda na dawa, na kile ambacho kadi haibebi, nauli na chakula cha msindikizaji, kikachangwa kwenye kundi la WhatsApp, M-Pesa moja baada ya nyingine, jina na kiasi mbele ya kila mtu. Hakuna anayemdai mwenzake kitu baadaye. Kuna raha ndani yake. Pia nimeona binamu ambao hawajawahi kukanyaga Bukundi wakituma elfu tano na kidole gumba, wamemaliza. Shangazi yangu angeipenda kadi kuliko sisi sote.

Turudi kwenye ile 2022 ya bei nzuri. Kaka alipolipwa pamba alimwita yule kijana mwenyewe, akamuuliza kama mji mmoja unaweza kuwa na kaya mbili. Unaweza, kijana akasema, mradi kila kaya iwe na mkuu wake. Shemeji mdogo akaandikwa mkuu wa kaya ya pili, pamoja na watoto wanne na mpwa wetu. Nafasi yake aliyoiacha kwenye kadi ya mama akaingizwa mtoto aliyebaki. Kumi na wawili wakawa na bima. Kuchukua kadi ya tatu kwa ajili ya mwanamume mmoja asiyeumwa, kaka aliona ni ubadhirifu.

Alidhani kaya ya pili ni karatasi tu. Lakini tangu hapo, mtendaji wa kijiji akija na orodha ya chochote, vyandarua, chanjo, mikutano, anamwita shemeji mdogo kwa jina lake, si mke wa fulani. Alijiunga na kikoba kwa jina lake. Kadi yake aliihuisha mwenyewe misimu iliyofuata, kwa dengu na kuku, hata mwaka ambao ile ya kaka ilichelewa.

Sasa bei imepanda mara tano na kaka amepata wazo: warudi kuwa kaya moja, walipe 150,000 badala ya 300,000, na sita wachaguliwe upya. Aliniomba niliseme mimi, maana mimi ni mwalimu. Nikalisema. Shemeji mdogo alikuwa anapepeta dengu na hakuacha kupepeta.

"Shemeji," akaniambia, "muulize kaka yako, kaya yangu inadaiwa na yake?"

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kikoba chao kinavunjwa mwezi wa tano, mgao wake na dengu vinafika, na kilichopungua atakopa mle mle. Watu wake ni watano, tangu mpwa wetu aende kutafuta kazi Mwanza. Nafasi ya sita ipo wazi, na kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama mawingu, alikuwa anasikia kila neno.

"Akiitaka," akasema, "aje tuongee. Na aje na picha."